Nilipomwaga Oili ya Giaboksi Mwenyewe, Nikakumbuka Gauni la Mtu



Wengi mmenizoea kwa mambo ya magauni, shela na vitambaa. Leo nimekuja na habari ya oili ya giaboksi. Msicheke, na msiondoke. Mwenye gari atapata faida ya gari yake. Asiye na gari, hasa anayesubiri harusi yake, atajua kwa nini siku hizi namwambia kila mteja: gauni lako ligeuze ndani-nje kabla hujanilipa.

Siku ya Makunduchi

Gari yangu ni Toyota Starlet ya mwaka 1997, ya gia tano za mkono. Niliinunua kwa kaka yangu miaka 5 iliyopita, baada ya talaka, kwa pesa za upatu na akiba kidogo ya cherehani. Rangi imepauka, kioo cha nyuma hakishuki, lakini ndiyo mguu wangu. Inampeleka binti yangu skuli, inanipeleka mjini kununua vitambaa, na inapeleka magauni kwa wenyewe, Nungwi mpaka Makunduchi. Gauni la harusi halipandi daladala. Linalazwa siti ya nyuma kama mgonjwa, limefunikwa shuka nyeupe, na mimi naendesha polepole.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, nilikuwa na gauni la kupeleka Makunduchi. Mnaujua mwezi ule, kila mtu anataka kuozesha kabla ya Ramadhani. Nilikuwa sijalala vizuri siku tatu. Nikatoka Fuoni baada ya Adhuhuri, na ahadi yangu ilikuwa nifike kabla ya Alasiri.

Gia ya pili ilikuwa inasumbua tangu miezi mingi. Asubuhi gari ikiwa baridi inagoma, unaisukuma inalia krrr, halafu inaingia. Nikazoea. Ndivyo tulivyo wanawake wengi, tunazoea maumivu mpaka tunayaita tabia. Siku hiyo mambo yaligeuka. Nilipopita Tunguu, gari ikiwa imeshapata moto, ikaanza kugoma gia ya pili kabisa. Nikawa naruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, gari inatetemeka kama ina homa. Karibu na Kitogani nikasimama kwenye tuta, na pale hata ya kwanza ikakataa.

Vijana wakanisukuma, wallahi Mungu awalipe, nikaondoka na gia ya tatu. Nikasimama tena, nikasukumwa tena. Nimefika Makunduchi adhana ya Magharibi inaadhiniwa. Bi harusi alikuwa amekaa kitandani na kanga, hina imekauka, wanja umeshatiririka mpaka mashavuni. Mama yake alinipokea gauni mlangoni. Hakunisema hata neno moja. Angenitukana ningepata nafuu.

Swali la mjomba

Mjomba wangu ameendesha chai maharage njia ya shamba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nyumbani kwake bado lipo shimo la kutengenezea gari, limejengwa kwa matofali, na ngazi yake. Kesho yake nikampigia simu nalia. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza:

"Oili ya gia umebadilisha lini mara ya mwisho, mwanangu?"

Nikamwambia nimebadilisha mara tatu tangu niinunue gari. Kila mara nimemlipa fundi shilingi 60,000, oili na kazi.

"Ulikuwepo?"

"Mjomba, mimi nikakae gereji kufanya nini? Nilimwachia gari, jioni nikaifuata."

Akanyamaza kidogo. "Njoo nayo Jumapili, baada ya Alfajiri. Njoo na nguo za kuchafuka. Na utashuka shimoni wewe, mimi magoti yangu hayataki."

Giaboksi ni nini hasa

Kabla hatujashuka shimoni, wacha niwaeleze kama alivyonieleza yeye, maana sikuwahi kuelewa.

Kwenye kozi ya ushoni, kabla mwalimu hajatufundisha kupiga mshono mmoja, alitufundisha kutia oili cherehani. Tone hapa, tone pale, kisha unazungusha gurudumu kwa mkono mpaka usikie mashine imelainika. Alikuwa akisema cherehani kavu inajila yenyewe. Giaboksi ni hivyo hivyo. Ndani mna magurudumu ya chuma yenye meno, yanashikana na kuzunguka kwa kasi kubwa. Mna pia ringi za shaba ambazo kazi yake ni kusawazisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, ili gia iingie bila kelele. Gia ikilia krrr, mara nyingi ni ringi hizo zinashindwa kazi yao, ama zimelika, ama oili imechoka au imepungua. Na klachi mbovu nayo huleta dalili kama hizo, kwa hiyo nayo iangaliwe.

Gari nyingi ndogo za zamani za gia za mkono hazina pampu wala chujio ndani ya giaboksi. Meno yenyewe ndiyo yanayochota oili chini na kuirusha juu. Basi unga wa chuma unaotoka kwenye meno unabaki mle mle, unazunguka na oili mwaka hadi mwaka. Halafu hakuna taa kwenye dashibodi itakayowaka kukwambia oili ya gia imekwisha, na nyingi hazina hata kijiti cha kupimia kama kile cha injini. Utajua siku gia itakapogoma, nawe umebeba gauni la mtu.

Shimoni

Jumapili nikaenda na suruali ya mazoezi, dera kuukuu juu yake, ushungi nimeufunga nyuma, na glavu jozi mbili mkononi. Glavu mbili kwa sababu kazi yangu ni vitambaa vyeupe. Alama moja ya oili kwenye shela ni msiba.

Tulikuwa na vitu hivi: spana ringi namba 24 kwa gari yangu, karai la kukingia, matambara, faneli, mpira mwembamba wa maji urefu wa mita moja na nusu, wosha mbili mpya, na oili lita mbili. Oili nilinunua 40,000.

Kuhusu oili, mjomba alinipa karatasi nikampe mwenye duka la spea: 75W-90, GL-4. Nikauliza kwa nini asiandike tu "oili ya gia". Akasema ukisema hivyo utapewa iliyopo dukani. GL-5 imetengenezwa hasa kwa difu, ina dawa nyingi zaidi za kulinda chuma, na baadhi ya dawa hizo zinaweza kuila shaba ya zile ringi. Zipo oili zilizoandikwa zote mbili na zipo gari zinazokubali zote mbili. Kitabu cha gari yako ndicho hakimu, siyo muuzaji wala jirani. Na oili ya giaboksi ya otomatiki ni kitu kingine, usiitie kwenye gari ya gia za mkono ila kama kitabu chake kimesema hivyo.

Kwanza tulizunguka na gari kama robo saa ili oili ipate moto itoke vizuri, halafu tukaiegesha juu ya shimo, mahali pa usawa, breki ya mkono imevutwa na mawe nyuma ya matairi. Nikashuka.

"Zipo bolti mbili," mjomba akanielekeza kutoka juu, amechutama na tochi. "Ya chini ya kumwagia, ya ubavuni ya kujazia. Utafungua ipi kwanza?"

Nikasema ya chini, si tunataka imwagike?

"Hapana. Ya kujazia kwanza. Ukishamwaga oili yote halafu bolti ya kujazia ikakataa kufunguka, gari yako itatoka hapa na nini?"

Hili nalisisitiza kwa kila dada atakayejaribu. Ya kujazia kwanza.

Nikaitafuta bolti ya kujazia, nikaiona, na hapo moyo wangu ulianza kwenda mbio. Ilikuwa imefunikwa na tope gumu na kutu, limeshikana na giaboksi pande zote kama kitu kimoja. Ilibidi niikwangue kwa bisibisi na brashi ya waya kabla spana haijakaa. Bolti iliyofunguliwa mara tatu ndani ya miaka mitano haiwi vile. Pembe zake zilikuwa nzima kama siku iliyotoka kiwandani. Hapo hapajapita spana.

Mjomba naye aliona. Hakusema kitu. Alinipa bomba refu la kuchomeka kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu. Nikavuta kwa uzito wangu wote, bismillah, ikapiga kelele, ikaachia.

Kisha nikafungua ya chini. Wapenzi, harufu ile! Oili ya gia ina kibiriti ndani yake, inanuka kama yai viza hata ikiwa mpya. Iliyokaa miaka inanuka zaidi. Ikatoka nyeusi, nzito, na juu yake inang'ara vijivu kama unga wa fedha. Ikatiririka kidogo, ikawa uzi, ikaanza kudondoka matone. Nikadhani bado, nikangoja. Ilikuwa imekwisha.

Tukaimimina kwenye chupa za maji za lita moja kupima. Haikujaza hata moja. Giaboksi yangu inachukua kidogo chini ya lita mbili. Nilikuwa naendesha na chini ya nusu.

Mjomba akaniambia nipitishe kidole kwenye bolti ya chini, niutazame ule uji mweusi. Uji laini kama wanja si wa kutisha, ni uchakavu wa umri. Ukikuta vipande, vijino au vipande vya shaba, gari iende kwa fundi mkubwa, oili haitaponyesha. Mimi nilikuta uji, mwingi, na chembe chache za rangi ya dhahabu. Hizo ni ringi zangu. Pia akaniangazia tochi pale ekseli inapoingia, palikuwa pamelowa. Sili imechoka, ndipo oili ilipokuwa ikiponyokea kidogo kidogo. Fundi yeyote aliyeingia chini ya gari ile angeiona kwa macho.

Kidole kwenye tundu

Nikafunga bolti ya chini na wosha mpya, imara lakini si kwa hasira, maana mwili wa giaboksi ni wa aluminiamu na nyuzi zake zikifa ni gharama kubwa. Nikapanda juu, tukapitisha mpira kutoka kwenye boneti mpaka kwenye tundu la kujazia, tukatia faneli, tukamimina polepole. Mpya ina rangi ya asali. Haina haraka, lita mbili zilituchukua karibu nusu saa.

"Utajuaje imetosha?" mjomba akauliza.

Gari ikiwa usawa, oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Ikianza kutiririka nje, imejaa. Na kama una shaka, unaingiza kidole, ukikunje kuelekea chini, uguse. Nikarudi shimoni, nikaingiza kidole. Kikatoka kimelowa.

Wallahi pale pale, nimekunja shingo chini ya gari na kidole kimoja kinadondosha oili, nikakumbuka ile hadithi tuliyosomeshwa chuoni tukiwa wadogo. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Juu pakavu, ndani pamerowa. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki, na mnajua alichosema kuhusu mwenye kughushi.

Nilikuwa na hasira na fundi. Nilishapanga maneno ya kumwambia. Elfu sitini mara tatu ni 180,000, ni gauni la singo zima. Alichukua pesa zangu akaniegeshea gari kivulini mpaka jioni, kwa sababu alijua mwanamke huyu hataingia chini kuangalia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko pesa.

Lakini hasira haikufika mbali. Ilipofika kwenye lile neno, "alijua hataangalia ndani", ikageuka ikanitazama mimi.

Bitana

Miaka mitatu nyuma nilimshonea gauni bi harusi mmoja wa mjini. Alitaka bitana ya pamba laini, kwa sababu ngozi yake haistahamili nailoni na harusi ilikuwa mwezi wa Februari, joto kali. Nilimtajia bei, akalipa bila kubisha. Nilipokwenda kununua, pamba ile ilikuwa imepanda bei. Dukani kwangu nilikuwa nimebakiwa na nailoni nyeupe ya kazi nyingine, inang'ara, ukiitazama haraka huijui. Nikajiambia kodi ya duka inadaiwa. Nikajiambia ni usiku mmoja tu. Nikajiambia bitana inakaa ndani, nani ataiona?

Nikaikata, nikaishona, na mshono wake ulikuwa mzuri sana. Gauni lilipendeza, picha zake nilizitumia kujitangazia. Pesa iliyobaki ilikuwa 45,000. Hata sikumbuki niliifanyia nini.

Basi nikawa nimesimama mle shimoni, najiona mimi na yule fundi tumefanya kazi moja. Yeye aliacha oili, mimi niliacha pamba. Wote wawili tulichukua bei kamili kwa kitu ambacho mteja hawezi kukiona. Ipo sura nzima katika Qur'ani iliyofunguliwa kwa onyo kwa wanaopunja vipimo, Suratul Mutaffifiin. Nimeihifadhi tangu chuoni. Nilikuwa nikidhani inazungumza na wauza mchele.

Mjomba akaniita, "Umelala huko?" Nikafunga bolti, nikatoka.

Tulifanya mzunguko na gari mpaka barabara kuu na kurudi. Gia ya tatu, ya nne, ya tano, kama kisu kwenye siagi. Ya kwanza inaingia. Ya pili, nisiwadanganye, asubuhi ikiwa baridi bado inanung'unika mpaka leo. Zile ringi zimeshalika, na oili mpya haiwezi kurudisha shaba iliyokwishaondoka. Mjomba alisema ukiitunza itakwenda miaka. Kilichoharibika kwa kuachwa hakirudi chote.

Simu mbili

Wiki ile nilifanya mambo mawili.

La kwanza, nilikwenda kwa fundi. Sikupiga kelele mbele ya vijana wake. Nilimwita pembeni nikamwambia bolti ya kujazia nimeifungua mwenyewe na nimeona hali yake. Alianza kusema labda kijana wake, labda siku ile ilikuwa na kazi nyingi. Kisha akaangalia chini. Hajanirudishia pesa. Sitamtaja jina wala mtaa, sijaja hapa kumsengenya, na Allah anatujua sote wawili.

La pili lilikuwa zito. Nilimpigia simu yule bi harusi, ambaye sasa ni mama wa mtoto mmoja. Nilijizungusha sana na salamu mpaka akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. Nikamwambia bitana haikuwa pamba, nilijua haikuwa pamba, na pesa yake 45,000 namtumia leo, anisamehe.

Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema:

"Nilijua kuna kitu, dada yangu. Lilinikuna usiku mzima. Nilitoka vipele mgongoni, siku tatu za fungate najikuna, naona haya kwa mume wangu. Nikasema labda ni hina, labda ni ngozi yangu tu. Wewe nilikuamini."

Sikuwa na jibu. Nikalia. Akasema amenisamehe, na naamini amesamehe kweli. Halafu akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba wadogo zake wawili wameshaolewa na wote aliwapeleka kwa fundi mwingine. Hakujua kwa nini hasa, alisema, moyo tu ulikataa.

Nilitubu, nilirudisha, na hakurudi. Nakuandikieni hivyo hivyo ilivyo, maana mara nyingi tunasimuliana visa ambavyo mwisho wake mteja anarudi na wenzake kumi. Huyu hakurudi. Nilichopata ni kwamba nikisujudu sasa, lile gauni halinijii.

Kwa wenye gari

Dada yangu mwenye gari ndogo ya gia za mkono, si lazima ushuke shimoni kama mimi. Lakini fanya haya.

Kama hujui oili ya gia ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa. Vitabu vinatofautiana. Kwa gari ya umri kama wangu, mjomba anasema kila kilomita 40,000, na sili zitazamwe kila unapoingia gereji.

Nunua oili mwenyewe, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari yako, na uipeleke na kizibo chake hakijafunguliwa. Omba ifunguliwe mbele yako.

Simama uone. Chukua ndugu yako, mwanao au shoga yako mkae pamoja, mkae kwa stara, lakini uone oili chafu ikitoka na mpya ikiingia. Muulize fundi, "Umefungua ya kujazia kwanza?" Atajua anazungumza na nani.

Kama unafanya nyumbani bila shimo, jeki peke yake haitoshi hata dakika moja. Gari ikae kwenye stendi za chuma, zote nne, ili iwe usawa. Hakuna gia iliyo na thamani ya kifua chako.

Oili chafu usiimwage uani wala shimoni. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe yenye matundu na maji yetu mengi ni ya visima. Unachomwaga leo, mtoto wa mtu atakinywa kesho. Itie kwenye dumu, uipeleke gereji inayokusanya.

Na mikono isugue kwa sukari na sabuni ya maji kabla ya udhu. Grisi nzito ikiganda kwenye ngozi inazuia maji, na pia itakuharibia kitambaa.

Kwa mabibi harusi

Unapokuja kupima gauni, usitazame kioo tu. Ligeuze. Tazama bitana, ishike, ikunje, isugue kwenye shingo yako kwa dakika tano. Tazama kama mishono ya ndani imefungwa au imeachwa nyuzi. Fundi mwaminifu hatakasirika. Mimi siku hizi naligeuza mwenyewe kabla mteja hajaniomba, nalitandika mezani ndani-nje, na namwonesha risiti ya kitambaa. Mwanzoni niliona haya, kama ninayevuliwa nguo. Sasa nimezoea, na haya yamebadilika kuwa usingizi mzuri.

Kuna na jambo jingine, bi harusi. Unaingia kwenye nyumba ambayo mengi yake hayataonekana na wageni. Picha zitaonesha shela. Hazitaoneshi namna unavyosema na mumeo mlango ukifungwa, wala namna yeye anavyosema nawe. Mimi ndoa yangu ilikuwa na shela zuri sana. Ndani kulikuwa kukavu muda mrefu, gia zinalia, na sote wawili tukajifanya tumezoea. Siwezi kusema ingepona. Nasema tu hatukuangalia mapema.

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu kwa mjomba. Ana miaka 11. Tulikuwa tunaangalia kama ile sili mpya inavuja. Akashuka yeye shimoni na tochi, akanyamaza muda, kisha akapaza sauti:

"Mama, pakavu."

Nikamwambia gusa. Akagusa, akanionesha kidole.

Allah atujaalie ndani yetu kuwe bora kuliko nje yetu, azipokee kazi za mikono yetu, na awape mabibi harusi wetu nyumba za utulivu na mapenzi. Aamin.